Barabara Katikati ya Shamba la Bibiana

Guangzhou, 20 Januari 2024

Mama Nelly,

Nimekupigia simu siku tisa mfululizo. Inaita, hupokei. Sasa naandika, na barua hii ataibeba binamu yetu Humphrey, ambaye amemaliza kununua viatu vyake hapa na kesho anapanda ndege kurudi nyumbani. Nimemwambia akukabidhi mkononi, asiiache dukani kwa mtu.

Ni yeye Humphrey aliyenipa habari. Tulikuwa Zhanxi, katikati ya soko la nguo, watu wanatusukuma kwa mikokoteni, akaniambia kama mtu anayezungumzia mvua, "Wifi yako anachimba barabara. Imeshaingia shambani kwako." Nilidhani anatania mpaka aliponionyesha picha. Nimeona mibuni ya baba imelala chini, mizizi juu. Nimeona wanawake wenye majembe, na wewe mbele yao umevaa koti la marehemu kaka yangu.

Baba alinipa shamba lile mbele ya ukoo mzima, mimi mtoto wa kike, na baba zetu wadogo wakagoma kula siku ile. Aliyesimama upande wangu alikuwa mmoja tu, mumeo Heriel. Miaka saba nabeba marobota ya nguo za watu kwenye ngazi za majengo haya, nikijua nina mahali pa kurudi nijenge. Wewe umeingia na jembe bila hata salamu.

Simamisha kazi hiyo. Rudisha udongo mahali pake. Ulishindwa kumfikisha kaka yangu hospitali. Usinimalizie na shamba alilonitetea.

Bibiana


Vumbwe, 11 Februari 2024

Wifi yangu Bibiana,

Simu niliiona ikiita. Sikuipokea kwa makusudi. Kwenye simu wewe utapandisha sauti, nami nitapandisha, tutakata, na kila mmoja atabaki na kile alichotaka kusikia. Tuandikiane hivihivi, mtu apate muda wa kusoma mara mbili kabla hajajibu.

Ni kweli. Nimekata shamba lako kutoka juu mpaka chini, upana wa mita nne. Mibuni thelathini na mmoja imeng'olewa. Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungekataa, nami ningechimba vilevile, na hapo kosa lingekuwa kubwa zaidi. Udongo siurudishi.

Umeondoka siku nyingi, labda umesahau tunavyoishi huku juu. Tangawizi yetu inashuka kichwani. Ni mwendo wa saa mbili na nusu mpaka Mkangala, pale barabara ya gari inapoishia. Mnunuzi wetu, bwana mmoja anaitwa Tony, anakaa kwenye kiti chake anatuangalia tukitua mizigo huku shingo zinatetemeka. Anajua hakuna mwanamke atakayelipandisha tena gunia lile mlimani. Kwa hiyo hatuulizani bei. Tunatajiwa, tunaitikia, tunarudi na chumvi na sabuni.

Tulianza kuchimba Agosti iliyopita, kila Jumanne na Ijumaa. Tuko wanawake arobaini na wanaume kumi na mmoja, na wanaume wanaongezeka kadiri wanavyoona aibu. Toka Mkangala mpaka hapa ni kilomita sita. Tumepima kwa kamba na kwa macho ya mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi za barabara. Tulitafuta njia ya kukukwepa. Kushoto kwa shamba lako ni genge la mwamba. Kulia ni chemchemi inayonywesha kijiji kizima. Katikati ndiyo wewe.

Wiki iliyopita alikuja ofisa kutoka wilayani, kwa miguu, viatu mkononi. Akasema barabara hii haimo kwenye mpango, tusubiri mtaalamu. Nikamuuliza mtaalamu atapita wapi kuja. Tuliendelea kuchimba akiwa amesimama palepale mpaka ikabidi asogee.

Unigombeze kwa shamba, hapo una haki. Kuhusu Heriel sikujibu.

Wifi yako,
Elinami


Guangzhou, 2 Machi 2024

Mama Nelly,

Barua yako nimeipata kwa Sarah, mfanyabiashara mwenzangu aliyetoka Dar juzi. Nimeisoma mara mbili kama ulivyoagiza. Mara ya pili nilikasirika zaidi.

Umeniandikia kama mtu asiyejua kubeba. Juzi lifti ya jengo la Tianxiu iliharibika na mteja wangu ana kontena linafungwa saa kumi. Tulishusha marobota ishirini na mawili ghorofa kwa ghorofa, mimi na mama mmoja wa Kikongo, Henriette. Huku neno la kwanza unalojifunza ni lao la kukataa, "mei you", yaani hakuna. Bei hakuna, nafasi hakuna, kibali hakuna. Nimeishi na neno hilo miaka saba. Sikutegemea kulisikia kutoka kwenye shamba langu mwenyewe.

Basi ujue nilichofanya. Nimeandika malalamiko kama mwenye shamba, nimemtumia Humphrey, naye ameshayapeleka wilayani. Sitaki vita, nataka mnisikilize.

Na hili la Heriel utalijibu. Humphrey anasema siku ile alikutana na machela yenu njiani jua liko utosini, na bado mlikuwa upande wa juu. Mtu ana maumivu ya tumbo tangu jana yake, mke wake anaondoka naye saa sita mchana. Kama mngetoka alfajiri kaka yangu angekuwa hai. Miezi minane nimekaa na swali hili kooni, sikulisema msibani kwa sababu msibani sikufika. Mlitoka saa ngapi?

Nijibu hilo kwanza, habari ya shamba itafuata.

Bibiana


Vumbwe, 24 Machi 2024

Bibiana,

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi.

Nilikuwa sitaki kuandika haya. Sasa nayaandika yote, na ukimaliza kusoma usinilaumu kwamba nimekuumiza, maana umeyadai mwenyewe.

Usiku kucha mvua ilinyesha. Hakuna mwanamume aliyekubali kubeba machela gizani kwenye utelezi ule, na walikuwa na haki. Kulipopambazuka tulikuwa tayari, wabebaji wanane wakipokezana. Mwendo wa kawaida tungefika Mkangala saa tatu. Lakini kwenye ule mwamba wa kona, pale njia inapokuwa nyembamba kama ubao, udongo ulikuwa umeporomoka. Mtu mmoja angepita kwa kutambaa. Machela isingeweza kukata kona. Walijaribu kuiinua upande, Heriel akalia. Wewe unamjua kaka yako, alivunjika mkono akiwa shule na hakulia. Siku ile alilia kama mtoto na akasema, "Nishusheni. Nimechoka kubebwa."

Hatukumshusha. Tuligeuza, tukapanda tena mpaka kijijini, tukashika njia ya msituni inayozunguka mlima. Hapo ndipo Humphrey alipotukuta saa sita, jua utosini, tukiwa upande wa juu. Alisalimia akapita. Hakuuliza tumetoka saa ngapi, nami sikuwa na pumzi ya kumwambia.

Alikata roho saa nane mchana. Lori la kumpeleka hospitali tuliliona kwa macho, pale chini. Daktari aliyeelezwa dalili baadaye alisema utumbo ulikuwa umejikunja, na kwamba kwa kisu ilikuwa kazi ya saa moja.

Sasa la pili, ambalo nilikuficha kwa makusudi. Miaka minane iliyopita, mwaka mmoja kabla hujaondoka, wewe ukiwa Dar unatafuta hati ya kusafiria, wapimaji walifika hapa. Barabara ilikuwa imeshapata fungu. Walipita na vigingi vyao, na mstari wao ulikatiza palepale nilipokatiza mimi. Heriel aling'oa vigingi. Aliwaambia, "Shamba la dada yangu haliguswi nikiwa hai." Baba zenu wadogo walikuwa wamesubiri miaka wakuone unanyang'anywa, naye hakutaka kuwapa furaha hiyo. Wapimaji hawakubishana. Walikunja kamba zao, barabara ikaenda ng'ambo ya pili ya mlima. Kule leo gari linafika mlangoni kwa zahanati.

Hakukwambia kwa sababu ungejiona mdeni. Mimi sikukwambia kwa sababu hii unayoisikia sasa hivi moyoni mwako. Na sikutaka watu waseme kwamba mume wangu alijifungia mlango mwenyewe.

Ningependa kukuandikia kwamba njiani alisema shamba likatwe, ili sote wawili tupate nafuu. Hakusema. Alikuwa anaomba maji, na daktari niliyempigia simu alikuwa amenikataza kumpa.

Nilipomaliza siku arobaini nilichukua jembe lake nikaenda kwenye ile kona. Nilianza peke yangu. Wenzangu walikuja siku ya tatu.

Elinami


Vumbwe, 19 Mei 2024

Bibiana,

Wiki nane kimya. Sikulaumu. Ila kuna jambo haliwezi kusubiri upone.

Tarehe saba walikuja tena. Safari hii ofisa yule alikuja na askari wawili na karatasi mkononi. Karatasi ilikuwa ni malalamiko yako. Akasoma kwa sauti mbele ya watu wote: mwenye shamba hajaridhia, kazi isimame, anayeendelea anaingia kwenye ardhi ya mtu kwa jinai. Kwa miezi yote hawakuwa na sababu ya kutuzuia. Wewe umewapa.

Nilimwambia kwamba mwenye shamba ni wifi yangu, na mimi na wifi yangu tuna barua zetu. Akaniuliza kama nina barua ya kuridhia. Sina. Walikusanya sururu, majembe na mitaimbo, wakatia kwenye magunia. Kisha wakataka nani abebe magunia hayo mpaka Mkangala? Walitutaka sisi! Hakuna aliyeinama. Askari walibeba wenyewe, na huko njiani nasikia walikuwa wanapumzika kila baada ya hatua mia.

Mimi walinishusha nao. Nililala kituoni siku mbili, kwenye benchi. Waliniachia kwa ahadi kwamba sitashika jembe. Nimeitimiza. Nashika tindo na nyundo, nao hawakuzitaja. Wenzangu wanachimba kwa vijiti vya kupandia na kwa sufuria mbovu. Kwenye mwamba tunawasha moto, jiwe likishika joto tunamwaga maji ya baridi, linapasuka kiasi cha kiganja. Tukienda hivi tutafika, labda Nelly akiwa na wajukuu.

Mkutano wa kijiji ni tarehe ishirini na mbili Juni. Ofisa atakuwepo. Sikuombi, Bibiana. Nakuarifu tarehe.

Elinami


Guangzhou, 8 Juni 2024

Wifi yangu Elinami,

Wiki nane nilikuwa nafunga mizigo ya watu na kufungua, na mara mbili nilipeleka nguo za mteja wa Mwanza kwa mteja wa Arusha. Barua ya Machi niliisoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi za Tianxiu, watu wananiruka. Sijui kuomba msamaha wa kitu kikubwa hivi. Nilikusema vibaya kwa watu, na nimeanza kuwarudia mmoja mmoja kuwaambia nilikosea. Humphrey ndiye wa kwanza. Akasema siku ile aliona machela na hakujua kama aliye juu yake ni Heriel, uso ulikuwa umefunikwa khanga kukinga jua. Naye ana mzigo wake.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili, yenye sahihi na dole gumba langu. Sarah anairudisha Dar na ameapa itafika kabla ya mkutano. Isomwe hivi ilivyo:

"Mimi Bibiana Mbwambo, mwenye shamba, nilipeleka malalamiko wilayani. Leo nayafuta. Barabara ipite, na ikihitaji mita nyingine ichukue. Kaka yangu alilinda shamba hili kwa ajili yangu, na hakuna mtu mwingine aliyeniuliza lolote. Kwa hiyo yeyote anayesimamisha kazi ya hawa wanawake asiisimamishe kwa jina langu. Atafute lake."

Sasa nikwambie jambo. Nilikwenda mtaa wa Yide Lu kununua madaftari na midoli ya mteja. Kuna mama pale anauza uyoga mkavu na tangawizi iliyokaushwa, laoban wangu wa siku nyingi, ndivyo tunavyowaita wenye maduka. Nilishika vipande vya tangawizi nikaanza kulia katikati ya duka. Akanivutia kiti. Tulizungumza kwa simu yake inayotafsiri, yeye Kichina, mimi Kiswahili, simu ikikosea hapa na pale. Kwao ni milimani, mkoa wa Guizhou. Bibi yake alikuwa anabeba chumvi mgongoni mwendo wa siku mbili. Barabara ilipokatwa ilipita kwenye shamba lao la mpunga, na baba yake hakusemeshana na mwenyekiti wa kijiji miaka minne. Nikamuuliza leo inakuwaje. Akasema leo baba yake ndiye wa kwanza kulalamika gari likichelewa.

Lakini akaongeza kitu, ndiyo maana nakuandikia. Alisema mtu wa kwanza kuondoka kwa barabara ile alikuwa yeye, na vijana wote wakafuata. Kijiji kimebaki na wazee. Umelifikiria hilo?

Nimenunua mashine ya kutoboa mwamba, ya petroli, na tindo zake kumi na mbili, na sururu thelathini. Zimeingia kwenye kontena la Désiré, Mkongo mmoja wa Lubumbashi ambaye mizigo yake hupitia bandari ya Dar. Nilipomweleza ni za nini hakutaka maelezo zaidi. Alisema, "Weka tu, mama. Kwetu barabara ilikufa, na watu wakafuata."

Safari hii wakija na magunia, wabebe na hizo.

Wifi yako,
Bibiana


Vumbwe, 6 Oktoba 2024

Wifi yangu Bibiana,

Nimechelewa kujibu kwa sababu mikono ilikuwa kazini. Leo ni Jumapili, nimetoka kanisani, nimekaa.

Karatasi yako ilifika siku moja kabla ya mkutano. Mwenyekiti wa kijiji alitaka kuisoma, nikakataa, nikasema aisome yuleyule aliyesoma ya kwanza. Ofisa aliisoma. Alipofika pale pa kutafuta jina lake watu walipiga makofi, naye akasubiri wamalize, kisha akasema bado barabara haimo kwenye mpango. Nilimjibu kwamba hatukuwa tumemwita kuomba mpango. Tulimwita arudishe majembe yetu. Yalirudi baada ya siku nne, pungufu ya sururu mbili.

Mashine ilifika Agosti. Kutoka Mkangala tuliibeba kwenye machela. Anayeiendesha ni Nelly. Jioni hawezi kushika kikombe, mikono inamtetemeka, na hataki mtu mwingine aiguse. Ule mwamba ulichukua siku kumi na moja. Tulipopita upande wa pili sikusherehekea, nilikwenda kukaa peke yangu kidogo, kisha nikarudi kuchimba.

Uliniuliza kuhusu vijana. Nimelifikiria. Nelly ameshaniambia anataka kwenda mjini kusomea mitambo. Waende, Bibiana. Wewe ulikwenda bila barabara, kwa hiyo si barabara inayowatoa. Ila nataka anayeondoka huku aondoke ameketi kwenye gari, akiwa mzima, na siku akitaka kurudi asitafute wa kumbebea mzigo.

Kuhusu Heriel, usiniombe msamaha tena kwa barua. Njoo.

Sasa nikupe habari yenyewe: barabara imefika kijijini. Gari la kwanza kupanda lilikuwa la Tony, Jumanne iliyopita. Tulikuwa tumemtumia ujumbe kwamba hatushuki tena, anayetaka tangawizi aifuate. Tulisikia injini saa nzima kabla hatujaliona. Alishuka akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, akatazama magunia tuliyopanga kando ya njia, akataja bei ileile ya Mkangala.

Nikamwambia hapana.

Sijawahi kumwambia hivyo, miaka yote. Hata yeye hakuelewa, akarudia bei akidhani sikusikia. Wanawake wote walikuwa wamesimama nyuma yangu. Alisema njia ni mbaya, amepoteza mafuta, tutaozewa. Nikasema basi itaoza hapahapa nyumbani kwetu. Aliingia garini, akageuza, akashuka na lori tupu.

Nisikufiche, niliogopa. Wote tuliogopa. Siku ya Jumatano Maulida, ambaye ana magunia mengi kuliko sisi, alikuja kwangu mara tatu kuuliza kama tumwite. Nikasema asiitwe. Alhamisi mvua ilitishia, tukafunika magunia kwa maturubai na khanga. Hakuna aliyenilaumu kwa mdomo, lakini macho niliyaona.

Ijumaa tuko kazini, tunachimba mtaro wa maji chini kidogo ya nyumba ya kwanza, tukasikia injini. Kisha tukasikia nyingine nyuma yake. Lori la Tony lilikuwa mbele, na lililomfuata lilikuwa la mnunuzi tusiyemjua, amesikia huko chini kwamba kuna njia mpya na tangawizi ambayo haijauzwa. Walifika pamoja, kila mmoja ametoa kichwa dirishani, wanataja bei kwa kupokezana kabla hata hawajasimama.

Tuliwaambia wazime injini kwanza, washuke, wanawe mikono. Halafu tukakaa kuulizana bei.

Wifi yako,
Elinami